Je, wajua? Misahafu ya mwanzo haikuwa na irabu

Mtoto wa darasa la tatu atakwambia irabu za Kiswahili ni tano: a, e, i, o, u. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana nyingine kidogo: ni yale mageuzi ya mwisho wa neno yanayoonyesha nani katenda na nani katendwa. Sisi huku tukaliita irabu hata lile alama dogo linalokaa juu au chini ya herufi ya Kiarabu, ambalo ustadhi hukugonga nalo kwa kijiti ukilisoma vibaya.

Alama hizo hazikuwemo katika misahafu ya mwanzo, yaani nakala za kwanza za Qurani. Hata moja.

Jaribu mwenyewe uone ilivyokuwa. Andika k na t, basi. Hapo pana kata, kiti, kito, kuta na kete. Lakini nikikuandikia "vuta k-t ukae", hukosei. Nikikuandikia "k-t za nyumba zimepasuka", hukosei pia. Anayeijua lugha hujaza pengo mwenyewe, na anayeyajua maneno kwa moyo hata hajui kama pana pengo. Qurani ilihifadhiwa vifuani kwanza. Jina lake lenyewe linahusu kusoma kwa sauti. Maandishi yalikuwa ya kumkumbusha mtu alichokwisha kukisikia kwa mwalimu wake.

Ndiyo maana Khalifa Uthman (aliyetawala 644 hadi 656) alipoamrisha Zayd bin Thabit na wenzake wanakili msahafu mmoja wa kutegemewa, baada ya Hudhayfa bin al-Yaman kurudi kutoka vitani Armenia na Azerbaijan akiwa na hofu kwamba askari wanabishana juu ya usomaji, nakala zilizopelekwa mijini zilikuwa na mifupa mitupu ya herufi. Mapokeo yanasema kila nakala ilifuatana na msomaji. Karatasi bila mtu isingetosha.

Na si irabu tu. Katikati ya neno, b, t, th, n na y zote huandikwa kwa kijino kimoja kile kile. Kinachozitenganisha ni nukta. Wengi tumefundishwa kwamba nukta hizo zilibuniwa Iraq zama za gavana Hajjaj, miongo kadhaa baada ya Uthman. Hapo simulizi inahitaji kurekebishwa. Ipo stakabadhi ya kondoo iliyoandikwa Misri mwaka 22 Hijria (643), kwa Kigiriki na Kiarabu, na baadhi ya herufi zake zina nukta. Zile kurasa mbili za ngozi zilizoko Birmingham, Uingereza, ambazo ngozi yake ilipimwa ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645, nazo zina nukta chache huku na huku. Kwa hiyo nukta zilijulikana, ila waandishi walizitumia kwa ubahili. Kazi ya zama za Hajjaj ilikuwa hasa kuzitilia nguvu na kuzipanga.

Irabu ndizo zilizokuja baadaye kweli. Uislamu ulipofika kwa Waajemi na wengine ambao Kiarabu hawakukinyonya kwa mama zao, mapengo yakaanza kuuma. Inasimuliwa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 69 Hijria, alimsikia mtu akisoma aya ya 3 ya Surat Tawba. Aya inasema Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina, na Mtume Wake pia kajitenga nao: *wa rasuluhu*. Yule bwana akasoma *wa rasulihi*. Kwa sauti moja tu iliyoteleza, ikawa Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina na amejitenga na Mtume Wake!

Abu al-Aswad akamkalisha mwandishi, akampa wino wa rangi tofauti na ule wa msahafu. Ukiniona nimefungua mdomo, tia nukta juu ya herufi; nikiishusha sauti, tia chini; nikikusanya midomo, tia mbele yake. Fataha (a), kasra (i) na dhumma (u), majina tunayoyaimba chuoni mpaka leo, yametokana na mdomo wa mzee huyo ukifunguka na kufumba.

Shida ni kwamba sasa kuna nukta za herufi na nukta za irabu, zote zimejaa ukurasa mmoja. Aliyetutoa hapo ni Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyesomesha Basra katika karne ya pili Hijria, yule yule aliyezipanga bahari za ushairi wa Kiarabu. Dhumma akaifanya herufi wau ndogo, fataha akailaza kama herufi alifu iliyosinzia. Si wote waliofurahi. Imamu Malik wa Madina anapokewa kwamba aliruhusu nukta katika misahafu midogo ya kusomeshea watoto, lakini ile mikuu akataka iachwe kama ilivyo.

Ungedhani irabu zikishaandikwa ugomvi umekwisha. Tazama aya ya udhu, ya 6 katika Surat Maida. Imetaja kuosha nyuso na mikono, kupaka maji vichwa, kisha miguu. Je, miguu inaoshwa pamoja na uso au inapakwa pamoja na kichwa? Ukisoma *arjulakum*, kwa fataha juu ya lamu (herufi ya l), miguu inafuata vinavyooshwa. Ukisoma *arjulikum*, kwa kasra, inafuata kichwa. Kati ya wasomaji saba ambao visomo vyao Ibn Mujahid wa Baghdad (aliyefariki 936) alivikusanya, Nafi, Ibn Amir na Kisai walisoma kwa fataha. Ibn Kathir, Abu Amr na Hamza kwa kasra. Wa saba, Asim wa Kufa, ndiye kituko: wanafunzi wake wawili walipokea tofauti, Hafs kwa fataha na Shuba kwa kasra. Visomo vyote viwili vinakubalika.

Imamu Shafi'i, ambaye Sunni wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu yake, alisema wazi kwamba yeye anasoma kwa fataha, na miguu inaoshwa. Masunni waliosoma kwa kasra nao wakaosha, kwa sababu wanayo hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliyewaonya watu waliotawadha wakaacha visigino vikavu. Mashia Ithnaashari wao hupaka.

Msahafu unaouzwa madukani leo, sehemu nyingi za dunia, ni wa kisomo cha Hafs. Chapa ya Cairo ya mwaka 1924 iliusukuma sana. Iran nako, kwa Mashia hao, wanausoma huo huo, wenye fataha juu ya lamu. Na bado wanapaka: wanavyoona wao, hata kwa fataha neno hilo limeungana na vichwa.