Siku saba za Dhlakama, na simu ya Nyusi

Huku kusini mwa Tanzania Frelimo, chama tawala cha Msumbiji, tunaijua tangu kambi za Nachingwea. Renamo, waasi waliopigana nayo kisha wakawa chama cha upinzani chenye silaha, tuliijua kupitia wakimbizi waliovuka Ruvuma. Ndiyo maana inafaa tuelewe vita ya hao wawili ilivyozimwa.

Tarehe 27 Desemba 2016 Afonso Dhlakama, kiongozi wa Renamo, alitangaza kusitisha mapigano kwa siku saba, watu wapate kula sikukuu. Zilipoisha akaongeza 60, Machi 60 nyingine, na Mei akaondoa ukomo. Serikali nyingi huharibu hapa mwanzoni kabisa: zikisikia siku saba hudhani adui amechoka, zikasogeza askari mbele.

Rais wa Msumbiji wakati huo, Filipe Nyusi, alipiga simu. Akazungumza na Dhlakama bila kupitia kwa wasuluhishi wa kigeni, ambao mwaka 2016 walikuwa wameondoka mikono mitupu. Kazi ikagawiwa kamati mbili: ya ugatuzi, yaani kuipa mikoa madaraka, maana Renamo ilidai magavana wake, na ya masuala ya kijeshi. Baadaye askari wakaondolewa kwenye baadhi ya vituo vya kuzunguka Gorongosa, ngome ya Renamo, na tarehe 6 Agosti 2017 Nyusi akamfuata mwenzake hukohuko porini.

Utaratibu huo naukubali. Simu ikikatika hujapoteza kitu. Kikosi ukishakiondoa, kukirudisha ni kutangaza vita upya, kwa hiyo hakitangulii. Ugatuzi nao haungoji bunduki ya mwisho ikabidhiwe. Mkataba wa awali wa Septemba 2014 kati ya serikali na Renamo ulitiwa saini uchaguzi ukiwa mlangoni, suala la nani atawale mikoa halijajibiwa, na Renamo bado ina silaha. Haukudumu.

Dhlakama alifariki 3 Mei 2018. Mwezi huohuo bunge likapitisha marekebisho ya katiba kuhusu ugatuzi, kwa hiyo mrithi wake, Ossufo Momade, alikuta kitu cha kushika. Mkataba ukasainiwa Maputo tarehe 6 Agosti 2019. Kusalimisha silaha kwa wapiganaji 5,221 na kufunga kambi 16 kulichukua hadi Juni 2023. Pensheni zilichelewa, na Mariano Nhongo, kamanda wa Renamo, alijitenga akaendelea kushambulia mikoa ya Manica na Sofala mpaka alipouawa Oktoba 2021.

Mtu wa Kitaya, Mtwara, aliyeshambuliwa kijijini kwake Oktoba 2020 na wapiganaji kutoka Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, ana haki ya kuuliza mbona huko serikali haikufanya hivyo. Renamo ilikuwa na wabunge, kiongozi anayejulikana, na madai yanayoweza kuandikwa kwenye katiba. Kwa wale waliovamia mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, Oktoba 2017, simu ya Nyusi ingepokelewa na nani?