Maji ya magoti

Jumamosi iliyopita vijana wawili wa Bukavu, majirani zangu hapa Missoula, Montana, walinionyesha mtumbwi wa mpira walioununua kwa bei ya kutupa. Ni ule wa kuchezea ziwani, wenye makasia ya plastiki yanayopinda hata ukiyatazama. Walitaka kuteremka nao kijito cha Rock Creek wakavue samaki aina ya trauti. Nikauliza majaketi ya kuokolea yako wapi. Mkubwa akacheka. "Yaya, kale kamuto ni kadogo. Mayi inafika tu ku magoti."

Maneno hayo nimeyasikia kwa Kiingereza cha wachunga ng'ombe wa huku. Nimeyasikia kwa mjomba wangu wa Nyeri, ambaye amevua trauti katika mto Gura tangu ujana wake na huuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. (Trauti walipandikizwa Gura mwaka 1905, wakitokea Scotland, na mjomba huwazungumzia kana kwamba babu yake ndiye aliyewabeba kwenye ndoo.) Sasa nimeyasikia kwa Kiswahili cha Kivu. Imetosha. Naandika hapa mara moja tu, na atakayenitajia tena habari za magoti nitamtumia ukurasa huu bila salamu.

Mimi nilianza na kafi, lile la kushika mikononi, si kasia refu linalofungwa kwenye fremu ya rafti, boti pana la mpira. Nilijifunzia Sagana, kwenye mto Tana, watu sita ndani ya rafti, kila mtu na kafi lake na nahodha nyuma akipiga kelele. Tana ukijaa unatisha kwelikweli. Lakini mto mkubwa una adabu yake: unakuzaba kofi, halafu unakupa mahali pa kukaa. Chini ya poromoko kuna bwawa, kwenye bwawa kuna mwenzako ana kamba, unatolewa, unatapika maji kidogo, unacheka. Nilipokuja Montana kupiga kasia na kubeba wateja wavuvi, nikadhani nimeshuka daraja. Kijito cha upana wa mita 15 au 20? Nikakidharau kama hao vijana, na kikanifundisha kwa muda wa sekunde kumi hivi, habari nitakayoieleza.

Kijito hakikuzabi kofi. Kijito kinakushika.

Rock Creek kinaanzia milimani na kuteremka kama kilomita 80 hadi kuingia Clark Fork karibu na Clinton, mashariki ya Missoula. Theluji inapoyeyuka, Mei kuingia Juni, maji yanakula kingo, na misonobari iliyosimama ukingoni inaanguka. Kwenye mto mkubwa mti ukianguka unachukuliwa na maji, au unabaki upande mmoja na wewe unapita upande wa pili. Kwenye kijito mti ni mrefu kuliko upana wa maji. Unalala toka ukingo huu hadi ule, na hakuna "upande wa pili".

Sisi wapiga kasia tunaogopa mti kuliko jiwe, na hili ndilo jambo ninalotaka mtu alielewe hata akisahau mengine yote. Jiwe ni kitu kizima. Maji yakifika kwenye jiwe yanatuna mbele yake, yanakuwa kama mto wa kulalia, na yanakusukuma uzunguke. Mti wenye matawi ni chujio. Fikiria chujio la chai: maji yanapita, majani yanabaki. Wewe ndiye majani. Hakuna mto wa kulalia wala kuzungushwa, kwa sababu maji yenyewe hayajazuiwa, yanapita katikati ya matawi kama kawaida na kukubana hapo, na yale yanayokuja nyuma yake yanaendelea kukubana. Nguvu ya maji haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana kijito cha maji ya magoti kinachokwenda mbio kinaweza kumlaza mtu mzima kwenye tawi na wanaume wanne wasiweze kumbandua.

Na hayo magoti yenyewe! Watu husema "yakinizidi nitasimama tu." Hapana. Usisimame. Chini kuna mawe ya ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, yamepangana yakiacha mianya. Mguu unaingia kwenye mwanya, maji yanakusukuma mgongoni, unaangukia mbele, mguu umebaki kule nyuma. Sasa maji ya magoti yako juu ya kichwa chako, maana hukusimama tena, umelala. Kina hakina maana kwa mtu aliyelala kifudifudi. Ukianguka, lala chali, miguu mbele na juu, vidole vikionekana, piga mikono kuelekea ukingoni, usisimame mpaka makalio yaguse changarawe. Ndiyo, makalio. Mwalimu wangu wa Sagana alilitumia neno lenyewe, na sijapata kipimo bora.

Kuna jambo moja linalopinga hilo: ukiona unaelekea kwenye chujio, geuka. Kichwa mbele, ogelea kwa nguvu zako zote kuelekea mti, na ukifika jirushe juu yake kama unayepanda ukuta. Ndivyo vitabu vinavyosema, ndivyo tunavyofanyishwa mazoezi, kwa bomba la plastiki lililofungwa kwenye maji, nami nimepanda hilo bomba mara nyingi na kushangiliwa. Ila bomba ni laini na halina matawi. Mti halisi sijawahi kuupanda nikiwa majini, na naomba nisiupande. Nawafundisha wateja mbinu hiyo kwa uso wa kujiamini, kwa sababu haipo nyingine. Moyoni najua ni bahati nasibu, na kazi yangu ni kuhakikisha tiketi hainunuliwi.

Turudi kwenye samaki, maana hapo ndipo balaa linapopangwa.

Juni mapema Rock Creek huwa na mdudu mkubwa, urefu wa kidole, tumbo la rangi ya chungwa. Wazungu wanamwita nzi wa samoni, ingawa hapa hakuna samoni. Anaishi chini ya mawe miaka mitatu au minne akiwa buu, kisha anatambaa hadi ukingoni, anapanda kwenye vichaka, anajivua gamba na kuota mbawa. Ni mzito, hajui kuruka vizuri, anaanguka majini. Trauti wanalijua hilo. Wanaacha katikati ya mto na kujibanza ukingoni kabisa, chini ya vichaka, kando ya magogo, wakingoja viangukavyo.

Umeona tatizo? Samaki amekaa pale pale mti ulipo. Mvuvi aliyesimama mbele ya rafti, amebana mapaja kwenye fremu, fimbo ya kuvulia mkononi, anakuambia nini siku nzima? "Sogea ukingoni. Kidogo tena. Kidogo tu." Kila mteja niliyewahi kumbeba ameniomba nimpeleke penye chujio, kwa upole na kwa bakshishi.

Kwa hiyo sheria za rafti yangu, na wasiozipenda watafute nyingine. Mpiga kasia havui. Hata kidogo, hata kwenye maji tulivu, hata samaki akiruka akampiga kofi. Anayevua ni mmoja, yule wa mbele. Wa nyuma anatazama mto na kungoja zamu. Mshipi hautoki zaidi ya mita tisa hivi. Rafti inakwenda sawa na maji, kwa hiyo nzi wako wa bandia, ile ndoana iliyofanywa ifanane na mdudu, ataelea vizuri bila mbwembwe za kurusha mbali, na mshipi mrefu unaishia kwenye kasia. Nikisema "kaa", unakaa, samaki akiwa kwenye ndoana au hayupo. Nanga naiacha nyumbani. Rafti nyingi za kuvulia hapa zina nanga nyuma na wateja wanaipenda, lakini ukiiangusha penye mkondo mkali inanasa, sehemu ya nyuma inavutwa chini, maji yanapanda juu ya mpira, na umezama kwa mkono wako mwenyewe.

Kupiga kasia kwenyewe sitaeleza sana, halifundishwi kwa maandishi. Moja tu: geuza pua ya rafti ielekee kile unachokiogopa, iwe mshazari kiasi cha nyuzi 45, halafu vuta. Usisukume. Mtu anayevuta anatumia mgongo na miguu, tena anapunguza mwendo wa rafti huku akihama upande. Wageni hutaka kusukuma kwenda mbele kwa sababu inaonekana ya kishujaa. Wanafika kwenye mti haraka zaidi. Na rafti ikilala ubavu kwenye kizuizi, mwili wako utataka kukikimbia. Ukatalie. Wote mrukie upande wa kizuizi, kwa sababu maji yanapanda upande ule mwingine, na uzito ukibaki huko yanaipindua rafti.

Tufanye hesabu ya muda. Maji ya mita mbili na nusu kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Kona unaiona mita 40 mbele. Hizo ni sekunde 16. Tatu zimekwisha ukimtazama samaki. Mbili zimekwisha ukijiuliza kama kile ni kivuli au gogo. Zilizobaki ndizo za kuhamisha rafti nzito, yenye watu watatu, upana wa nusu ya mto.

Hivyo ndivyo nilivyopatikana. Barabara ya changarawe inakwenda kando ya kijito kwa sehemu kubwa, na jana yake nilikuwa nimeendesha gari polepole, dirisha wazi, nikakagua kila kona. Safi. Usiku maji yakapanda. Theluji iliyoyeyuka mchana kule juu huchukua saa nyingi kufika chini. Asubuhi mteja akashika trauti wa rangi ya dhahabu, mzuri, nami nikamtazama. Nilipoinua macho msonobari ulikuwa umelala mto mzima, sindano zake bado za kijani kibichi, udongo mbichi ukidondoka mizizini. Kijani hicho ndicho ishara: mti wa kahawia una historia, watu wa mto wanaujua, wa kijani umekuja kwa ajili yako. Nilivuta mara nane, labda tisa. Tukaingia kwenye changarawe ya kulia kwa upana wa kasia, na hilo kasia likabaki kwenye matawi. Mteja aliniuliza kama samaki bado yupo. Alikuwepo! Sikumjibu, nilikuwa natetemeka.

Tangu siku hiyo ukaguzi wa jana siuhesabu. Kona nisiyoiona mwisho wake, naegesha kabla ya kuifikia na kwenda kuitazama kwa miguu. Pasipo pa kuegesha, siendi. Ukizunguka mti kwa miguu, baki chini ya alama ya maji ya juu: sheria ya Montana ya 1985 inampa kila mtu haki ya kutumia mito hadi alama hiyo, na kupita juu yake pembeni mwa kizuizi kilichowekwa na watu bila kuharibu mali ya mwenye shamba, lakini kuhusu mti ulioanguka wenyewe haisemi kitu. Angalia pia waya wa seng'enge uliovutwa juu ya maji kuzuia ng'ombe. Huo hauna sindano za kijani za kukuonya.

Gambuti za kifuani, yaani suruali ya kuvulia isiyopitisha maji inayofika kifuani, ni mada iliyojaa uongo. Eti zikijaa maji zinakuzamisha kama jiwe. Maji ndani ya maji hayana uzito; jaza ndoo ukaiinue ikiwa bado chini ya uso wa mto, uone. Uzito unakuja unapojaribu kutoka, ukiwa na lita 20 miguuni. Funga mkanda kiunoni, uvutie juu ya kitambi. Wenzangu wengine wanazikataza kabisa maji yakiwa juu, wakisema zinanasa matawini. Mimi naziruhusu, kwa sababu maji ya Juni ni baridi ya kukata pumzi, na dakika kumi baada ya kuanguka vidole havishiki kitu tena. Nimebadili msimamo huu mara mbili na huenda nikaubadili tena. Jaketi la kuokolea halina mjadala: linavaliwa, limefungwa, si la kukalia.

Kipimo cha maji cha karibu na Clinton kinasomwa mtandaoni. Chini ya futi za ujazo 1,000 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 28, nitakwaruza mawe siku nzima. Ikipita 2,000 nakwenda kuvua kwingine. Mipaka hiyo ni yangu, wapo wanaonicheka. Na kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Novemba hairuhusiwi kuvua ukiwa ndani ya chombo hapo, lazima ushuke. Wateja wanalalamika, mimi nashukuru: mtu akishuka anavua vizuri zaidi, tena ananiacha nitazame mto.

Wale vijana nimewaambia mtumbwi wao waupeleke ziwani, na Jumamosi waje na soksi za sufu. Nitapiga kasia mimi. Mdogo ameuliza kama samaki wataliwa. Nimemwambia tuone, ila akishika trauti aina ya bull anamrudisha majini papo hapo, analindwa kisheria. Akaniuliza atamjuaje. Madoa meupe-manjano, hakuna jeusi hata moja kwenye pezi la mgongoni. Ameandika kwenye simu. Asubuhi hii kipimo kinasoma 1,640.