"Homoni zimevurugika", sawa, nani kazivuruga?

Wiki hii nimeambiwa mara nne: "Daktari, mwanangu amenenepa ila si mlaji, homoni zake ndizo zimevurugika." Mama wa nne alikuja na bahasha nene ya majibu ya maabara. Nikapekua yote. Hakuna aliyekuwa ameandika urefu wa mtoto.

Mimi huanza na urefu. Thairoidi, tezi ya shingoni, ikilegea, au kotisoli, homoni ya msongo, ikizidi, mtoto hunenepa huku kimo kimesimama. Huyu wa bahasha ana miaka 9 na ameshanipita bega. Mtoto mnene aliye mrefu kuliko wenzake ni nadra sana kukuta tezi zake ndizo chanzo. Nusu ya bahasha nikaiweka kando.

Homoni zimo, sikatai. Kinachonichosha ni kudhani zimetoka kwingine zikaleta mafuta. Mafuta yenyewe ni tezi! Tangu homoni ya leptini igunduliwe mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake kule New York, hatuna kisingizio cha kuyaita ghala tu. Seli za mafuta humwaga leptini kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Kwa mtoto mnene leptini ni tele, ila ubongo umeizoea kama jenereta la jirani: wiki ya kwanza hulali, mwezi wa tatu hata hulisikii. Wapo watoto wasio na leptini kabisa. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge walieleza habari za wawili, mtu na binamu yake, na sindano za leptini zimewasaidia watoto wa aina hiyo mno. Basi kila mzazi anaitaka sindano. Kumwongezea leptini mwenye nayo tele ni kuongeza jenereta la pili.

Insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, nayo hivyohivyo. Mafuta yakizidi, mwili unaigomea, kongosho linazidisha, na ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na nene kama mahameli. Shingo ya kijana huyu ilikuwa na michubuko. Dodoki na ndimu, kila jioni. "Mama, huu si uchafu," nikamwambia. Akanyamaza.

Sasa TSH, homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi, ambayo kwenye bahasha ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu. Kupanda kidogo kwa watoto wanene ni kawaida, na mara nyingi hushuka uzito ukipungua. Zamani niliandika vidonge vya thairoidi haraka; TSH ilishuka, uzito haukutikisika. Siku hizi narudia kipimo baada ya miezi kadhaa. Hata hivyo yupo mtoto mmoja mmoja ninayemwandikia huku mkono unasita, na sijioni shujaa.

Na wale wa "atapungua akikua": utafiti uliotoka Sweden mwaka 2008 ulionyesha kuwa idadi ya seli za mafuta hujipanga utotoni na ujanani. Mtu mzima akikonda, seli husinyaa, idadi inabaki ileile. Ndiyo maana sisubiri. Lakini pia simfungishi mtoto njaa. Mara nyingi inatosha uzito usimame, urefu uukimbilie.

Mama hakudanganya, sahani yake ni ya kawaida. Juisi za boksi za shuleni ndizo hakuzijua, tatu kwa siku. Kijana alizitaja mwenyewe, kisha akauliza swali moja tu: leo jioni shingo itasuguliwa tena?