Je, wajua kwa nini bomba la moshi la hita ya maji ya gesi ya aina mpya ni la plastiki?

Ukiiona kwenye nyumba ya wageni Nungwi au Mji Mkongwe, usidhani fundi kabana matumizi. Hita ya zamani hutoa moshi wa nyuzi 150 na zaidi, ambao ungelainisha plastiki. Hii mpya huuchuja moshi joto lake hadi ukatoka na nyuzi 40 hadi 60 tu, na kwa ubaridi huo mvuke uliomo huanza kugeuka maji. Si maji kidogo: kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua huzaa kilo 1.6 hivi za maji, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 una zaidi ya lita 20. Sehemu yake hutiririka ndani ya hita na bomba. Tena yana uchachu, pH 3 hadi 5, na bati au chuma cha kawaida hutoboka.

Tumia aina ya bomba iliyotajwa kwenye kitabu cha hita, mara nyingi PVC nzito au polipropilini ya inchi 2 au 3. PVC yenye povu katikati haifai. Bomba liinamie upande wa hita, sentimita 2 kwa kila mita, na upime kwa pipimaji, si kwa jicho. Lifunge klempu kila mita 1.2, likifanya tumbo, maji hukaa humo, njia huziba, na hita hujizima mgeni akiwa na sabuni mwilini. Elbo (viungo vya kona) nazo zipunguze: moja ya nyuzi 90 huhesabiwa kama mita 1.5 hivi za bomba.

PVC ikate mraba, isiwe mshazari, kwangua makapi, paka praima kisha gundi, sukuma huku ukizungusha robo, shikilia sekunde 30. Kiungo kinachovuja huingiza ndani kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Mtego wa U wa kutolea maji, yaani kipande cha bomba kilichopinda kama herufi U, nao ujazwe maji kabla ya kuwasha, la sivyo moshi utapita humo.

Maji hayo yasidondokee ukutani. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, vitu ambavyo asidi huvila. Kwa sababu hiyohiyo, yapitishwe kwanza kwenye chombo chenye kokoto za chokaa: zinaliwa zenyewe, ukuta unapona. Zikipungua, ongeza.

Mdomo wa nje uwe sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, mbali na madirisha (mita 1.2 ikiwa hita inavuta hewa ya chumbani), na usipumulie kichochoro chini ya mita 2.1. Bomba la kuvutia hewa, kama lipo, litokee ukuta uleule, ili kusi au kaskazi ikipiga isukume yote mawili sawa. Kama kitabu kinaruhusu, weka wavu wa plastiki. Wa chuma huliwa na chumvi ya bahari, na bila wavu nyigu hujenga.