Majina ya mwanzo wa filamu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Majina yanayopita mwanzoni ni orodha ya waliofanya kazi tu. Filamu yenyewe huanza yakiisha.

Ukweli: Hata wenye kumbi za sinema waliwahi kuamini hivyo. Majina yalipita juu ya pazia lililofungwa, likafunguliwa hadithi ikianza. Mwaka 1955, mwongozaji Otto Preminger alipotoa The Man with the Golden Arm, aliwaagiza waendesha mitambo wafungue pazia kabla ya majina. Alikuwa na sababu. Mbunifu wa michoro Saul Bass alikuwa amemtengenezea utangulizi wa vipande vyeupe vinavyosogea kwenye weusi, kwa muziki wa jazi, hadi unatokea mkono uliopindika kama wa karatasi iliyokatwa. Filamu inahusu mtu aliyenaswa na heroini. Kabla mwigizaji yeyote hajafungua kinywa, umeshahisi mwili usiomtii mwenyewe.

Dhana: Muziki ndio unaofanya kazi yote, michoro na herufi ni pambo.

Ukweli: Muziki una nguvu, sikatai. Lakini tazama utangulizi wa Psycho (1960) ukiwa umezima sauti. Mistari inakatiza skrini kwa kasi, majina yanapasuliwa, yanaungana, yanapasuliwa tena. Wasiwasi unakuingia bila noti hata moja. Kisha washa sauti, usikie ala za nyuzi peke yake alizozipanga mtunzi Bernard Herrmann, zikikimbia pamoja na mistari hiyo.

Kwangu mimi hakuna mfano unaouzidi huu, kwa sababu ya kinachofuata. Filamu inaanza kama kisa cha wizi: mwanamke anatoroka na fedha alizokabidhiwa kazini. Kwa muda mrefu hapamwagiki damu. Ila akiwa barabarani muziki ule wa mwanzo unarudi, nawe unashika kiti, ingawa unachokiona ni mtu anayeendesha gari. Aina ya filamu ulishaambiwa na ile mistari; hadithi ndiyo iliyochelewa kufika.

Dhana: Filamu ya kutisha lazima ijitambulishe kwa kitu cha kutisha.

Ukweli: Katika Alien (1979), vijistari vyeupe vinajitokeza kimoja kimoja angani, polepole mno, hadi vinakamilisha jina la filamu. Kiumbe cha kutisha cha filamu hii hakionekani. Kinachotisha ni kule kusubiri. The Shining (1980) nayo inafunguka mchana kweupe: gari dogo la manjano linapanda barabara ya milimani, likitazamwa kutoka juu kana kwamba kuna kitu kinalifuata. Mandhari ni mazuri ajabu, lakini muziki wake umetokana na Dies irae, wimbo wa kale wa misa ya wafu.

Dhana: Bila kompyuta za kisasa huwezi kupata utangulizi wenye uzito.

Ukweli: Kwa Seven (1995), mbunifu wa utangulizi wake Kyle Cooper alitumia maandishi yaliyokwaruzwa kwa mkono, yanayotetemeka na kuruka. Katikati yake tunaona vidole vikikata karatasi, vikishona kurasa, wembe ukichuna ngozi ya ncha ya kidole. Uso hauonyeshwi. Wapelelezi wawili bado hawajui muuaji wanayemtafuta ni nani, na sisi tumeshakaa naye mezani, tukiitazama mikono yake ikifanya kazi kwa utulivu.