Kabla ya kufunga kamera, muulize mwindaji

Mwanzoni mwa 2003, watafiti waliokuwa Mlima Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, walisikia kwa wawindaji habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Hawakuziamini mara moja. Simulizi za Wanyakyusa, wenyeji wa huko, zina wanyama wa kweli na wa kufikirika, na mgeni hawezi kuwatofautisha kirahisi. Mwaka huohuo mnyama akaonekana. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamkuta kwenye milima ya Udzungwa, 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima wa Afrika haikuwa imetangazwa tangu 1923.

Habari hiyo ilikuwepo kijijini muda wote. Ndiyo maana mimi huanza utafiti wa wanyama wa msituni kwa mahojiano, kabla ya kufunga mitini kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, na naamini mahojiano ni kazi ya kitaalamu sawa na kuhesabu wanyama.

Kosa kubwa ni kumwonyesha mtu picha moja na kumuuliza, "Huyu yupo huku?" Kwa heshima tu, mwenyeji atamjibu mgeni ndiyo. Mimi huchanganya picha, nikiweka na wanyama wasioishi kabisa eneo hilo. Anayedai kuwaona wote, ushahidi wake naupima kwa uangalifu. Kisha nauliza mambo ambayo hayamo kwenye picha: analiaje, kinyesi chake kikoje, anakula nini, anashuka bondeni majira gani. Kipunji ana mlio mzito wa kubweka ambao hauchanganyiki na wa mbega, hivyo mtu akiuigiza vizuri, hapo nasogeza kiti karibu. Nahoji kila mtu peke yake, maana kwenye kikundi mzee akishasema, wengine huitikia. Na nawahoji kina mama wanaookota kuni na uyoga. Wao wanazijua kingo za msitu, mahali ambapo mwindaji hupita haraka.

Kuna jambo ambalo maarifa haya hayatoi, nalo ni idadi. Mzee atakwambia minde, aina ya swala wa msituni, wamepungua bonde fulani tangu ujana wake, na hakuna kamera iliyokuwepo wakati huo kutueleza. Lakini makadirio ya kipunji 1,117 yaliyochapishwa 2008 yalihitaji watu kutembea msituni na kuhesabu kundi kwa kundi.

Ugumu wenyewe uko hapa: wanaomjua mnyama zaidi mara nyingi ndio wanaomtega. Kipunji huingia mashambani kula mahindi, na ameuawa kwa sababu hiyo. Mkulima akikueleza kwa uwazi njia anazopita, halafu wiki inayofuata askari wakaja nyumbani kwake, kijiji kizima kitanyamaza, na kina haki ya kunyamaza. Kwa hiyo siandiki jina la mtu pembeni ya mtego. Makubaliano hayo tunayafanya mbele ya serikali ya kijiji kabla sijafungua daftari.

Halafu kuna malipo. Mjuzi wa msitu huajiriwa kama mbeba mizigo, akalipwa ujira wa mbeba mizigo, ilhali ndiye aliyeonyesha kamera ifungwe mti upi. Hilo linanikera sana. Alipwe kama mtaalamu, na ripoti isomwe kijijini kwa Kiswahili kabla haijachapwa, wenyewe wakiwa na nafasi ya kuipinga. Ramani ndiyo husahihishwa zaidi, hasa majina ya vijito.