Monet hakuchora ukungu kwa sababu ya macho mabovu

Kuna hii stori watu wanairudia kila picha za Monet, yule mchoraji Mfaransa, zikitajwa, eti jamaa alikuwa na mtoto wa jicho ndo maana kila kitu kwake kina ukungu. Ugonjwa alikuwa nao kweli, madaktari walimwambia 1912 akaja kufanyiwa upasuaji 1923, ila sasa chukua zile picha zake za Parc Monceau, bustani ya mjini Paris, alizichora 1876 na akarudi tena 1878, hapo hata miaka 40 hajafika.

Na kuchora alijua, akiwa kijana kule Le Havre, mji wa Ufaransa, alikuwa anauza vikatuni vya watu. Kwa hiyo ule ukungu ni makusudi kabisa. Jua la bustanini linapenya kwenye majani, linahama hama, sasa ukikaa uchore jani moja moja mwanga ushaondoka zamani, ndo maana anadonoa brashi fupi fupi, rangi moja pembeni ya nyingine, ukirudi nyuma hatua kadhaa jicho lako lenyewe linaziunganisha. Ile ya 1878 watu wamekaa kivulini, sura hawana, madoa tu, lakini unajua kabisa pale ni mchana na wamepumzika. Vivuli vyake navyo si vyeusi, vina bluu na zambarau (mimi hapo ndo huwa naganda).

Macho yalipoharibika kweli, uzeeni, mambo yalikuwa mengine, cheki zile za daraja la bustani yake Giverny, nyekundu na kahawia zimejaa, hata daraja lenyewe unalitafuta.